Gutapacha imetoka yote, lakini faili inagoma mm 2 kabla ya ncha ya mzizi. Nini kimebaki humo?

#1 FailiKumi
Wakuu, salaam. Naomba mchango wa wanaorudia matibabu ya mizizi ya meno.

Jino ni 36, gego la kwanza la chini kushoto. Mizizi ilizibwa kwa gutapacha, kile kijazio cha utomvu mgumu, miaka kadhaa nyuma. Eksirei inaonyesha weusi (dalili ya ugonjwa kwenye mfupa) kwenye ncha ya mzizi wa mbele, na gutapacha ya zamani iliishia kama mm 2.5 kabla ya ncha katika mifereji yake yote miwili. Mzizi wa nyuma hauna tatizo.

Taji limetolewa, jino limetengwa kwa raba. Gutapacha imeondolewa kwa ProTaper Retreatment D1, D2 na D3 (faili za mashine za kutolea kijazio), mizunguko 500 kwa dakika, mafuta ya mkaratusi (kiyeyushi cha gutapacha) yakidondoshwa tangu mwanzo. Mfereji wa upande wa ulimi umefunguka hadi mwisho. Wa upande wa shavu, faili namba 10 (sindano nyembamba ya mkono ya kukwangulia mfereji) inasimama mm 2 kabla. Eksirei ya katikati ya kazi haionyeshi weupe wowote mfereji mzima. Haipokloraiti (dawa ya kuoshea mfereji) imepita ya kutosha, faili haisogei.

Kinachozuia ni nini, na kitatolewaje bila kutoboa mzizi?

#2 MsumariMoto
Jibu limo kwenye maneno yako mwenyewe: "tangu mwanzo". Hilo ni tope.

Kijiti cha gutapacha si gutapacha tupu. Gutapacha yenyewe ni karibu 20% tu. Oksidi ya zinki ni 60 hadi 75%, zilizobaki ni nta, resini na chumvi za metali za kuonekana kwenye eksirei. Kiyeyushi kinashambulia ile 20% na nta. Oksidi ya zinki haiyeyuki ng'o. Kwa hiyo ukidondosha kiyeyushi gutapacha ikiwa bado nyingi, unatengeneza uji wa unga mweupe, na kila faili inayoshuka inausindilia chini kama mchi kwenye kinu. Mafuta yakishaondoka, ule uji unakauka na kuwa kizibo.

Utaratibu wangu ni mkavu kwanza. Theluthi ya juu kwa kichomeo cha joto au Gates Glidden (keekee ndogo) namba 3 kisha 2. Theluthi ya kati kwa faili ya mashine bila tone lolote, kwa sababu msuguano wenyewe unailainisha gutapacha na inapanda kwenye mifuo ikiwa vipande virefu. Mm 3 za mwisho kwa faili za mkono. Kiyeyushi kinakuja baada ya vipande kuacha kutoka, kusafisha utando ulioganda ukutani, na kinanyonywa kwa vijiti vya karatasi papo hapo.

#3 Mkunjo_wa_Mwisho
MsumariMoto umenena kuhusu mpangilio, ila umekata kesi mapema mno. Eksirei haionyeshi weupe. Tope la oksidi ya zinki ni jeupe kwenye eksirei, tena sana. Kama lingejaa mm 2 lingeonekana.

Mimi nasema kuna kingazi. Aliyetibu mara ya kwanza aliishia mm 2.5 kabla ya ncha kwa sababu faili yake ngumu ilikataa kufuata mkunjo, ikachimba ukuta wa nje wa mzizi na kuacha kijukwaa. Gutapacha ikakaa juu ya kijukwaa hicho. Wewe umeitoa, na sasa faili yako iliyonyooka inatua palepale.

Kidole kitakwambia. Ncha ikigusa kitu kigumu na kudunda bila kung'ang'ania, kama unagonga kaure, ni ukuta wa dentini (mwili wa jino wenyewe), maana yake kingazi. Ikizama kidogo halafu ikashikwa, ukivuta unahisi kitu kinaivuta kurudi, hapo kuna kitu laini: gutapacha, tope au dentini iliyosindiliwa.

#4 Hadubini
Kabla hatujaenda mbali: sila (saruji inayogandisha gutapacha ukutani) iliyotumika mwanzo ni ipi? Rangi yake, ugumu wake, harufu yake ulipofungua?

#5 FailiKumi
#4, hakuna rekodi. Kwenye chemba (uwazi wa jino juu ya mifereji) kulikuwa na masalia meupe, magumu, hayana harufu ya karafuu. Ncha ya utrasoniki (ya mtetemo) iliyang'oa kwa vipandevipande, hayakulainika kwa mafuta ya mkaratusi.

#3, kwa kidole inadunda. Ila ikikaa na EDTA (kimiminika cha kulainisha dentini) dakika moja, inang'ang'ania kidogo.

#6 Hadubini
Meupe, magumu, hayana harufu ya yujenoli (ile ya karafuu), hayasikii mafuta. Basi sila ya bayoseramiki ya kalsiamu silikati inaingia kwenye orodha, na mjadala unabadilika.

Sila hizo hugandishwa na unyevu wa dentini yenyewe. Zikishaganda ni saruji kamili. Hakuna kiyeyushi cha kliniki kinachoziyeyusha, si mkaratusi, si klorofomu, si mafuta ya ganda la chungwa. Watafiti wamejaribu asidi kadhaa maabara, lakini hakuna iliyokuwa desturi ya kazi. Njia pekee ya kurudi chini ni ile gutapacha iliyo katikati: ukiitoa, umepata barabara. Kijiti kikiwa kilifika hadi mwisho wa mfereji, kwa kawaida utafika. Kijiti kikiwa kifupi na sila imetangulia mbele yake, zile mm 1 au 2 za sila tupu ni mwamba. Hili limeonekana kwenye majaribio ya meno yaliyong'olewa: pale kijiti kilipoachwa kifupi kwa makusudi, meno mengi hayakurudishiwa urefu wake.

#7 Mkunjo_wa_Mwisho
Mkuu #6, nakupinga kwa hoja ileile. Bayoseramiki imetiwa oksidi ya zikoniamu ili ionekane kwenye eksirei. Mm 2 za sila tupu zingeng'aa. Mleta uzi anasema hakuna weupe.

#8 Hadubini
Haihitaji mm 2. Kizibo cha nusu milimita kinatosha kabisa kuisimamisha faili namba 10, na nusu milimita katika mfereji mwembamba, nyuma ya mfupa mnene wa taya la chini, tena mifereji miwili ikiwa imepandana kwenye picha, hutaiona. Piga eksirei nyingine kwa kuihamisha mashine nyuzi 20 kuelekea mbele ili mifereji itengane, halafu tuongee.

#9 NjiaPanda36
Nyote mnazungumzia kizibo na ukuta. Hakuna aliyeuliza kama mifereji hiyo miwili inakutana.

Mzizi wa mbele wa gego la kwanza la chini una mifereji miwili ambayo mara nyingi sana huungana karibu na ncha, na kati yake kuna ufa mwembamba. Mfereji wa shavu ukiingia kwenye wa ulimi kwa kona kali, faili iliyonyooka itagonga ukuta wa mbali wa mfereji wa ulimi na kusimama. Hapo hakuna kizibo wala kingazi. Ni kona tu.

Kipimo chake rahisi. Chukua kijiti kipya cha gutapacha, kiingize mfereji wa ulimi hadi urefu kamili. Kisha ingiza faili namba 10 mfereji wa shavu mpaka isimame, izungushe kidogo. Toa faili, toa kijiti, kitazame kwa lenzi. Ukiona mkwaruzo, mifereji inakutana hapo, na urefu wa mfereji wa shavu unaishia kwenye makutano. Hizo mm 2 za chini zinasafishwa kupitia mfereji wa ulimi.

Na tafuta mfereji wa tatu wa katikati kwenye mtaro kati ya midomo hiyo miwili. Weusi wa ncha unaweza kuwa unatoka huko wakati tunahangaika na mm 2.

#10 KioouChaKlorofomu
Naona kiyeyushi kinatupiwa lawama zote. Nakitetea.

Shida ya mleta uzi ni aina ya kiyeyushi na namna ya kukitoa, si wakati wa kukitumia. Mafuta ya mkaratusi ni mzee mwenye mkongojo: yanalainisha polepole, mpaka uyapashe moto ndipo yaamke. Klorofomu inafanya kwa sekunde kile ambacho mkaratusi unafanya kwa dakika. Inalainisha hata sila za resini ya epoksi kama AH Plus.

Jaza chemba tu, chini ya ml 0.2. Ingiza faili namba 10 au 15, chokonoa, subiri sekunde 30. Usiivute kwa mvutio wa hewa. Weka kijiti cha karatasi cha ukubwa wa mfereji, kinyonye, toa. Kitatoka na rangi ya waridi. Rudia, jaza, nyonya, mpaka karatasi itoke nyeupe na kavu mara tatu mfululizo. Karatasi inanyonya mchanganyiko kutoka pembeni kuja katikati kisha kupanda juu, kwa hiyo inasafisha hata mapembe ambayo faili haifiki. Ukifanya hivyo tope halina muda wa kukaa.

Sirinji iwe ya kioo. Klorofomu inakula plastiki nyingi, hasa zile ngumu zinazong'aa, na pistoni ya raba inavimba na kukwama. Hata raba ya kutengea jino itatoboka ukimwaga ovyo, basi dondosha, usinyunyize.

#11 MsumariMoto
Ndugu yangu wa klorofomu, jina lako tu lilitosha kujua utakuja na nini. Ila hilo la karatasi nakubaliana nawe asilimia mia. Wengi wanaweka kiyeyushi na hawakinyonyi.

Ninalokataa ni kuipeleka klorofomu mm 2 za mwisho wakati ncha ya mzizi imeliwa na ugonjwa na iko wazi. Huko unasukuma uji kwenye mfupa.

#12 Mwangalizi_wa_Ncha
Na klorofomu si imepigwa marufuku? Inaleta saratani.

#13 Hadubini
#12, tuwe makini na maneno. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kundi la 2B, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu, si kundi la 1 la vilivyothibitishwa. Marekani mwaka 1976 FDA iliiondoa kwenye dawa na vipodozi. Haikuhusu daktari kuitumia ndani ya jino. Ila mvuke wake unavutwa na daktari na msaidizi kila siku, wakati mgonjwa anaupata mara moja. Inachemka kwenye nyuzi 61, kwa hiyo chupa isikae wazi na kichomeo cha joto kisiingie kwenye mfereji ulio na klorofomu. Madirisha wazi, mvutio mkubwa karibu na jino.

#14 KioouChaKlorofomu
Nimekupata #13. Sahihi.

#15 GetahPercha
Natoka nje ya njia kidogo. Jina gutapacha limetoka Kimalei: getah ni utomvu, percha ni mti wenyewe. Ni utomvu wa miti ya jenasi Palaquium ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Waya wa simu ya maandishi uliotandikwa chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1851 ulivishwa gutapacha ili maji yasiingie.

Na si udaku mtupu, kwa sababu kemia yake inaeleza tabia yake ndani ya mfereji. Gutapacha na mpira ni molekuli ileile, poliisoprini, ila mpangilio wa minyororo umegeuzwa. Mpira unanyumbuka, gutapacha inakuwa ngumu ikipoa. Ikifika nyuzi 42 hadi 49 inabadili umbo la ndani na kuwa laini yenye kunata. Ikifika kati ya 53 na 59 inapoteza umbo kabisa. Ndiyo maana mizunguko 500 hadi 700 inaitoa na mizunguko 250 inaichana tu: joto la msuguano halifiki.

#16 Mkunjo_wa_Mwisho
Hiyo nimeipenda, na inanirudisha kwa mleta uzi. Ulipeleka D1 umbali gani?

Nauliza kwa sababu D1 ina ncha inayokata. D2 na D3 ncha zake hazikati. D1 ni urefu wa mm 16, ncha 30, mchongoko 9%. Kazi yake ni kuingia theluthi ya juu, sehemu iliyonyooka, basi. D2 ni mm 18, ncha 25, mchongoko 8%, ya katikati. D3 ni mm 22, ncha 20, mchongoko 7%, ya chini. Mtu akiisukuma D1 mpaka mwanzo wa mkunjo, ile ncha inachimba moja kwa moja badala ya kugeuka. Na hata D3, kwa mchongoko wa 7%, ni ngumu mno kwa mm 3 za mwisho za mfereji wa shavu uliopinda.

Kwa hiyo kingazi kinaweza kuwa si cha yule wa kwanza. Kinaweza kuwa kimezaliwa juzi.

#17 FailiKumi
#16, D1 ilishuka mm 11 kutoka kwenye kilele cha jino, D3 hadi mm 18. Urefu wa mfereji wa ulimi ni mm 20.5.

#18 Mkunjo_wa_Mwisho
D1 haina hatia basi. D3 hadi mm 18 na faili inasimama mm 18.5. Soma mwenyewe: kingazi kinaweza kuwa cha D3.

#19 MsumariMoto
Au D3 ilisindilia mpaka 18 na chini yake ndipo kizibo kilipo. Namba hizohizo, maelezo mawili.

#20 Mwangalizi_wa_Ncha
Naomba niulize la pembeni. Gutapacha iliyotokeza nje ya ncha ya mzizi inatolewaje? D3 si inaikata na kuacha kipande nje?

#21 Hadubini
Ndiyo, inaikata. Hapo usitumie kiyeyushi, wala mashine chini ya theluthi ya kati. Kiyeyushi kinailainisha shingo ya kijiti pale pembamba, inakatika, na kipande cha nje hakifikiwi tena kupitia jino.

Tumia faili ya Hedström namba 20 au 25, mpya. Ingiza kando ya kijiti au ndani yake mpaka nusu milimita hadi milimita moja nje ya ncha, zungusha robo tu kwa mwendo wa saa ili meno yake yajikite, kisha subiri kidogo na uvute moja kwa moja bila kuzungusha kurudi. Hedström inakata wakati wa kuvuta. Ukiizungusha zaidi ya robo ikiwa imejikita, inakatika na sasa una vitu viwili vya kutoa. Kijiti kikiwa kimelegea, Hedström mbili upande huu na huu, zisokotwe pamoja na kuvutwa, huleta kijiti kizima.

#22 NjiaPanda36
Kwa anayesoma uzi huu baadaye: si kila kilichomo ni gutapacha, na kila kimoja kina adabu yake.

Kibebeo cha plastiki cha Thermafil (kiini kilichovikwa gutapacha) kina mfuo kwa urefu wake. Ingiza faili kwenye mfuo huo, toa gutapacha ya pembeni, kibebeo kinalegea. Kuna vya polisalfoni, ambavyo klorofomu huyeyusha, na vya plastiki ya Vectra ambavyo havisikii chochote. GuttaCore kibebeo chake ni gutapacha iliyofungwa minyororo, haiyeyuki lakini faili ya mashine inaichana vizuri. Vijiti vya fedha: usivigonge kwa ncha ya utrasoniki, fedha ni laini, inaliwa na kukatika. Gonga saruji inayokizunguka, kisha kishike kwa koleo nyembamba ya Stieglitz na kukitikisa taratibu.

Resini nyekundu ya resosinoli na fomaldehaidi ndiyo mbaya kuliko zote. Ngumu kama kioo, rangi ya damu ya mzee, haina kiyeyushi. Ni utrasoniki chini ya hadubini, mm moja moja, ukisimama kila mara kuangalia rangi ya dentini. Mara nyingi theluthi ya mwisho haikuganda au haikufikiwa, kwa hiyo ukivuka ile ngumu unaweza kushuka ghafla. Jiandae, usiisukume faili ikaruka nje.

#23 KioouChaKlorofomu
Nyongeza ndogo kwa mleta uzi: mafuta ya mkaratusi yanaacha utando wa mafuta ukutani, haipokloraiti ni ya maji, inateleza juu yake bila kufanya kazi. Osha kwa pombe kwanza, kisha haipokloraiti.

#24 Hadubini
Nusu sahihi. Pombe inaondoa mafuta, ndiyo, lakini isikutane na haipokloraiti. Zikichanganyika zinatoa joto, na miongoni mwa mazao yake ni klorofomu yenyewe. Osha kwa pombe, kausha kwa karatasi hadi zitoke kavu, pitisha EDTA au maji safi, kausha tena, ndipo haipokloraiti. Na klorheksidini (dawa nyingine ya kuoshea) isigusane na haipokloraiti pia, inatengeneza tope la kahawia linaloziba mirija ya dentini.

#25 KioouChaKlorofomu
Nimepokea, nimerekebishwa.

#26 Mirija_ya_Dentini
Nimefuatilia kimya. Kuna jambo mmeliruka: "gutapacha imetoka yote" haipo. Tangu meno yaliyong'olewa yaanze kupigwa picha za CT ndogo kabla na baada, hakuna njia hata moja, ya mkono, ya mashine, ya kiyeyushi au ya leza, iliyoonyesha kuusafisha mfereji kabisa kila mara. Kinachobaki kinakaa theluthi ya chini, kwenye mifereji ya duaradufu na kwenye ule ufa kati ya mifereji miwili. Eksirei ya kawaida haioni utando mwembamba ukutani.

Kwa hiyo baada ya faili za D fanya mambo mawili. Ongeza ukubwa: mwisho ulikuwa 20 ya D3, mfereji wa zamani ulishapanuliwa zaidi ya hapo, D3 inapita katikati bila kugusa kuta. Panda hadi 30 au 35 mzizi ukiruhusu. Kisha kitu kinachofika pembeni: XP-endo Finisher R, ncha 30 isiyo na mchongoko, mizunguko 800 hadi 1000, ambayo kwa joto la mwili inajipinda na kukwangua kuta. Au ncha ya utrasoniki ndani ya EDTA 17% na haipokloraiti kwa zamu, sekunde 20 mara tatu kila kimiminika. Sindano iwe ya tundu la ubavuni, geji 30, isimame mm 2 kabla ya urefu, isikwame, na ipandishwe na kushushwa wakati wote.

Huenda kizibo cha mleta uzi kimetoka humohumo kwenye ufa. Faili ilipochokonoa mfereji wa ulimi, uchafu ukasukumwa upande wa pili. Tope la upande huu lilizalishwa upande ule.

#27 MsumariMoto
Hiyo sikuifikiria, na inaeleza kwa nini mmoja ulifunguka na mwingine ukafungika.

#28 NjiaPanda36
Inaeleza pia kwa nini nilisema pima kama inakutana.

#29 FailiKumi
Nimerudi na majibu. Kipimo cha #9: hakuna mkwaruzo kwenye kijiti. Eksirei ya kuhamisha nyuzi 20: mifereji inaonekana miwili mpaka kama mm 3 kabla ya ncha, chini ya hapo haisomeki. Hakuna mfereji wa katikati, mtaro umefuatwa kwa utrasoniki hadi mm 2 chini ya sakafu ya chemba.

Faili namba 10 mpya ilipindwa mm 2 za mwisho kwa kona kali, alama ya kizuizi cha raba ikielekezwa upande wa mkunjo, mfereji ukiwa umejaa EDTA. Kuchokonoa kwa kugeuza mwelekeo kidogo kidogo kama saa. Ilipoelekezwa upande wa ulimi na nyuma ilinasa, ikaingia nusu milimita. Ilitoka na unga wa kijivu kwenye meno yake. Kipima ncha cha umeme hakijasoma sifuri, yaani faili haijafika mwisho.

#30 Mkunjo_wa_Mwisho
Imenasa ikielekezwa upande mmoja tu. Hicho ni kingazi, umeanza kukikwepa. Ikinasa tena usiitoe faili. Ikishavuka, ifanye iende juu na chini mm 1 tu bila kuinyanyua juu ya kingazi, mara nyingi, mpaka ipite yenyewe. Kisha 15 iliyopindwa vilevile, ukivuta kwa kuelekea ndani ya mkunjo ili kijukwaa kilainike. Usizungushe. Mashine isikaribie mpaka 15 ishuke kwa uzito wake.

#31 MsumariMoto
Na unga wa kijivu? Kingazi hakitoi unga. Dentini iliyosindiliwa na tope ndivyo vinavyotoa.

#32 Hadubini
Wala hakuna mkwaruzo si ushahidi kwamba mifereji haikutani. Faili inasimama mm 2 kabla. Makutano yakiwa chini ya hapo, haitafika kukwaruza kitu. Rudia kipimo ukishapata mm 1 nyingine.

Unga huo uponde kwenye kioo. Ukipondeka na kuenea kama chaki yenye mafuta, ni oksidi ya zinki. Ukiwa chembe zenye kona zinazokwaruza, ni sila iliyoganda. Si kipimo cha maabara, lakini kitakupa mwelekeo wa kama EDTA itakusaidia au la. EDTA inalainisha dentini iliyosindiliwa. Kwa bayoseramiki msaada wake ni mdogo.

#33 Mirija_ya_Dentini
Weka kikomo cha muda pia. Faili 8 na 10 zitazamwe kila zikitoka. Mfuo ukifunguka au ukibana tofauti na wenzake, tupa. EDTA isizidi dakika chache kwa jumla, inakula dentini na kingazi kinakuwa kikubwa. Kama dakika 30 zimepita bila kusogea, weka haidroksidi ya kalsiamu (dawa ya muda ndani ya mfereji), ziba vizuri, rudi baada ya wiki moja au mbili. Mara nyingine faili inayogoma leo inapita siku ile kwa sababu mkono umetulia na uchafu umelowa.

Ikigoma tena, kuna CBCT (eksirei ya pande tatu) ya eneo dogo kuona mkunjo unaoelekea shavuni au ulimini ambao eksirei ya kawaida haiwezi kuuona. Ikishindikana kabisa, safisha na uzibe ulipofika, ufuatilie weusi kwa miezi. Ukikua, kuna kukata mm 3 za ncha ya mzizi na kuziba kutoka chini.

#34 KioouChaKlorofomu
Kabla ya haidroksidi, jaribio moja la mwisho: tone moja la klorofomu, faili iliyopindwa, sekunde 30, karatasi. Ikitoka ya waridi, MsumariMoto alikuwa sahihi na kiyeyushi ndicho kitakachomtoa. Ikitoka nyeupe, nanyamaza.

#35 MsumariMoto
Ikitoka ya waridi bado nitasema kimetumika mapema. Lakini jaribu, kwa kuwa umesema tone moja.

#36 FailiKumi
Asanteni. Unga umepondwa: sehemu imeenea kama chaki, sehemu inakwaruza. Karatasi ya klorofomu imetoka nyeupe, ila kwenye ncha kuna doa la waridi dogo kuliko kichwa cha pini. Faili iko mm 19.2. Haidroksidi ya kalsiamu imewekwa, wiki mbili.

#37 NjiaPanda36
Mm 19.2 sasa? Basi kile kipimo cha kijiti kirudiwe kabla ya kitu kingine chochote siku ya kufungua.